Mtoto wa Ulingoni Tengeru

Jumapili ya tangazo la pili la ndoa yangu, bibi mmoja muuza ndizi alisimama katikati ya kanisa akasema mimi tayari nina mke na mtoto.

Hakunong'ona. Alisimama wima, akakaza kitenge kiunoni, akaninyooshea kidole nilipokaa.

"Huyo kijana ana mke, na mtoto wa kiume. Nimewaona kwa macho yangu pale Tengeru, Jumamosi ya soko, umati wa watu ukiwepo. Na mtoto alimkana mchana kweupe."

Kanisa zima likanikodolea macho. Halafu minong'ono ikaanza.

Mchumba wangu Ndeshi alikuwa kwenye kwaya. Akanigeukia taratibu. Mama yake, benchi la mbele, akavua miwani akaishika mkononi.

Na mimi unadhani nilifanya nini?

Nilicheka.

Wallahi, na ni Mlutheri mimi, nilicheka. Kwa sababu nilikuwa najua kitu ambacho kanisa zima hawakijui, na enzi hizo hiyo ndiyo ilikuwa starehe yangu kubwa kuliko zote. Kuwaona washamba wakihangaika na uongo nilioutengeneza mwenyewe.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa.

Naitwa Elihuruma, wengi wananiita Eli. Ni fundi wa kuchomelea mageti pale Kimandolu, Arusha. Hiyo ni Jumatatu mpaka Ijumaa.

Jumamosi nilikuwa Bilionea.

Bilionea ni adui kwenye mieleka ya pale soko la Tengeru. Suti ya kumeremeta, miwani nyeusi, mkufu wa bati nilioukata karakana na kuupulizia rangi ya dhahabu. Kazi yangu ilikuwa moja tu, kuchukiwa. Napanda ulingoni, nachukua maiki, nawaambia watu wa Tengeru wananuka mbolea. Wananirushia maganda ya ndizi. Kisha anakuja Mkulima kunipiga.

Mkulima ndiye shujaa. Anaingia na gambuti, jembe begani, anagawia watoto maparachichi. Kina mama wanapiga vigelegele mpaka sauti zinakauka.

Jina lake halisi ni Ezra. Anaimba tenori kwenye kwaya ya usharika wetu. Baba yake, Mzee Philemoni, ndiye mwenyekiti wa wazee wa kanisa. Mimi na Ezra ni marafiki tangu darasa la pili, tumeiba miwa pamoja, tumechapwa pamoja.

Ila hilo hakuna aliyetakiwa kulikumbuka. Ndivyo promota wetu alivyotaka.

Promota anaitwa Romanus. Zamani huyu jamaa alikuwa mtafsiri kwenye kibanda cha video huko Sokon One. Mnavikumbuka vile vibanda? Kanda ya mieleka ya Amerika inacheza, mtu mmoja kashika maiki anawaelezea kwa Kiswahili. Romanus Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji. Mmarekani anabwata mambo yake, Romanus anatwambia, "Anasema kaka yake kahamisha mpaka wa shamba la marehemu baba yao!"

Kibanda kizima kinasimama, watu wanataka damu.

Mimi nilikuwa mtoto, na niliamini kwamba wale mapande ya watu wa Amerika wote wana kesi za mashamba.

Siku ya kwanza ya mazoezi Romanus alitukalisha juu ya matairi akatupa historia. Akasema mieleka ya kulipwa ilikuzwa na watu wa maonyesho ya kuzunguka huko Amerika, zaidi ya miaka mia iliyopita, leo mji huu kesho mji ule. Mwanzo walipambana kweli. Kumbe kupambana kweli kunachosha, watu wawili wanakumbatiana chini saa nzima na mtazamaji anasinzia. Wakaanza kupanga nani atashinda na kwa mtindo gani. Na siri ile wakailinda hasa. Adui na shujaa hawapandi gari moja. Hawanywi chai meza moja.

"Meksiko kuna wanaovaa kinyago hata wakiwa mtaani," akasema. "Kinshasa wanapanda ulingoni na hirizi, wanarogana mbele za watu, na hakuna mtu anauliza kama ni kweli. Sasa ninyi machalii wa Chuga msiniharibie. Mtu akikuuliza kama ni maigizo, mwambie njoo ujaribu."

Basi tukaanza. Mimi na Ezra tukawa maadui mpaka kanisani. Yeye kulia, mimi kushoto. Baada ya ibada watu wanapeana mikono, mimi nikifika kwake napita kama sijamwona.

Washarika wakahuzunika. Mzee Philemoni aliniita mara mbili anipatanishe na mwanawe.

"Eli mwanangu, shetani amewaingilia kitu gani?"

"Mzee, hayo tuachie wenyewe," namjibu, nimekunja uso.

Nikitoka hapo nacheka njia nzima. Mzee wa watu anatuombea, mimi naona ni vichekesho vya bure.

Hata Ndeshi sikumwambia. Yeye anauza dawa za mifugo pale pale Tengeru, lakini Jumamosi mchana kuna mazoezi ya kwaya ya sauti za wanawake, na mimi nilimkataza kabisa kuja ulingoni. Akiniuliza nasema ni mambo ya wanaume.

Mambo yakaenda. Baadaye watu wakaanza kupungua. Bilionea anatukana, Mkulima anampiga, watu wakaona ni yale yale. Romanus akawa hana raha.

Ezra ndiye aliyekuja na wazo.

"Tulete mwanamke na mtoto mchanga," akasema. "Adai Bilionea kamtelekeza."

Romanus alimkumbatia. Mtu aliyekulia kwenye kesi za mashamba, ukimpa kesi ya mtoto unamwua kwa furaha.

"Mwanamke tunamtoa wapi?" nikauliza.

"Namjua dada mmoja, anaitwa Agnela. Anauza mitumba mjini. Ana mtoto wa miezi saba na anatafuta kibarua."

Sikuuliza zaidi. Ningeuliza nini? Mimi nilikuwa staa.

Jumamosi ya kwanza Agnela alipanda ulingoni na mtoto kifuani, akasema aliyofundishwa. Kwamba mimi ndiye baba. Kwamba nimewakimbia.

Nikamtazama juu mpaka chini. Nikachukua maiki.

"Wewe mwanamke, Bilionea hazai na watu wa mitumba. Huyo mpeleke pale kwenye mnada wa mbuzi, labda utapata mnunuzi."

Aisee. Soko zima lilivurugika. Mzee mmoja alivua kiatu akanirushia. Wamama wakalia kwa hasira. Mwamuzi aliniambia kwa pembeni nisishuke upande wa viazi maana kuna watu wameshika mawe.

Nilijisikia vizuri sana. Sitakudanganya.

Hapo Mkulima akaingia, akamchukua yule mtoto, akamnyanyua juu kabisa.

"Huyu ni mtoto wa Tengeru! Kama baba yake hamtaki, Tengeru tunamtaka!"

Vigelegele. Na hapo ndipo Agnela alipoangua kilio. Wakati namtukana alikuwa mkavu. Ezra akimnyanyua mtoto, machozi na kamasi.

Nilimwambia Romanus, "Huyu dada ana kipaji, usimwachie."

Tulifanya hivyo wiki nane. Watu wakawa wanajaa mpaka kwenye mapaa ya vibanda.

Kati yao alikuwepo huyu bibi muuza ndizi, Bibi Tekla, msharika mwenzetu. Kila Jumamosi, onyesho likiisha, anazunguka nyuma ya turubai na kichupa cha uji wa moto na ndizi mbivu zilizopondwa. Anamkalisha Agnela kwenye kreti, anamlisha mtoto.

Akinikuta pale ananitazama kwa jicho lile la kukuambia Mungu anakuona.

"Shikamoo bibi," namwambia kwa dharau, bado na miwani yangu nyeusi.

Haitikii.

Sisi tulimcheka mpaka mbavu zinauma. Ezra ndiye aliyecheka kuliko wote. Alikuwa anaigiza anavyotembea na kile kichupa.

Fununu zilimfikia Ndeshi dukani. Akaniuliza, "Eli, wanasema una mtoto?"

Nikamwambia watu wa Tengeru wana maneno mengi. Yakaishia hapo, au mimi ndiye niliyeona yameishia hapo.

Sasa umeelewa kwa nini nilicheka kanisani.

Mchungaji hakucheka. Alifunga daftari la matangazo, akasema suala hili litakwenda kwenye baraza la wazee Jumanne saa tisa, na mpaka hapo ndoa imesimama.

Kicheko kikaniisha. Mahari imekwenda, ukumbi umepatikana, shangazi zangu wanatoka Machame. Na zaidi ya yote, Ndeshi alitoka kwa mlango wa kwaya bila kunitazama.

Nikampigia Ezra. "Njoo Jumanne uwaambie wazee ukweli. Wewe baba yako atakusikiliza."

"Chalii wangu, kaza," akasema. "Adui hakiri. Ukikiri umeua kazi yetu sote. Hiyo itapita."

"Itapita vipi na mimi naoa?"

"Kaza tu."

Romanus naye akapiga, akasema hivyo hivyo kwa matusi mengi zaidi.

Nilikesha nawaza. Asubuhi nikaamua, bora Bilionea afe mimi nioe.

Jumanne, ofisi ya usharika. Mchungaji, wazee sita, Mzee Philemoni katikati. Upande mmoja Ndeshi na mama yake. Upande mwingine Bibi Tekla na kikapu chake.

Nikasimama, nikakohoa kidogo. Nilijua naenda kuwavunja mioyo.

"Wazee wangu, shikamooni. Leo nawaambia siri ambayo watu wa mieleka hawaisemi. Mieleka ni maigizo. Mimi na Ezra hatuna ugomvi. Tunapanga nani apigwe."

Nikasubiri waanguke kwenye viti.

Mzee Philemoni akajikuna kidevu.

"Kijana, hilo hata mbuzi wangu wanajua."

"Eti?"

"Mtu apigwe jembe la kichwa Jumamosi, halafu Jumatatu anachomelea geti langu anapiga mluzi?" akadakia mzee mwingine. Wakacheka. Mpaka mchungaji.

"Mbona uliniita nipatane na Ezra?"

"Kwa sababu mlikuwa mnapitana kanisani bila kupeana mikono," akasema Mzee Philemoni. "Hayo hayakuwa maigizo. Mlifanya kweli, kila Jumapili, watoto wakiwaona."

Siri niliyoibeba mwaka mzima, kumbe walioibeba ni soko zima.

"Sisi tunauliza habari ya mtoto," akasema mchungaji.

"Mtoto naye ni maigizo, baba mchungaji."

Bibi Tekla akaweka kikapu chini.

"Mtoto ni maigizo? Mimi nimemlisha wiki nane. Maigizo hayanywi uji. Sikiliza, kijana. Najua mnapigana kwa kudanganya, mimi huja kucheka kama wenzangu. Lakini mtoto yule nilimuuliza mama yake, baba yake yupo? Akaniambia yupo, na yupo hapa hapa ulingoni. Ningemfikiria nani, kama si wewe unayemkana kila wiki?"

Mzee Philemoni akagonga meza kwa kidole.

"Basi ni hivi. Mtoto yule ana baba. Awe Eli, awe mwingine. Huyo baba, kama ni msharika wa hapa, atatubu mbele ya kanisa, atatoka kwenye kila kikundi, na mtoto atamtunza. Sijali ni mtoto wa nani au anajuana na nani. Tuandike hivyo?"

Wazee wakaitikia. Katibu akaandika.

"Huyo dada nimekuja naye," akasema Bibi Tekla. "Yuko nje."

Agnela akaingia, mtoto mgongoni. Moyo wangu ukatulia. Huyu atamaliza kazi.

"Dada," mchungaji akamwuliza kwa upole, "huyu Elihuruma ndiye baba wa mtoto wako?"

Agnela akanitazama.

"Hapana. Huyu simjui, nje ya yale ya ulingoni."

Nikageuka kwa Ndeshi nikitabasamu hadi gego la mwisho. "Umeona?"

Ndeshi hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtazama Agnela.

"Baba yake ni nani?" mchungaji akauliza.

Agnela akamshusha mtoto mgongoni, akamfuta pua kwa pindo la kanga.

"Jana nilipigiwa simu niambiwe nije niseme ni Eli."

"Alikupigia nani?"

"Baba yake mtoto. Ezra."

Mzee Philemoni akainamisha kichwa kama mtu asiyesikia vizuri.

"Ezra yupi?"

"Ezra wako, mzee."

Nje niliwasikia watoto wa chekechea wakiimba.

Agnela aliongea taratibu, hana hata chozi. Alisema alipojifungua Ezra alimwambia hawezi kumpeleka nyumbani, baba yake atamfukuza. Alipomtishia kwenda kwa mchungaji, akaja na habari ya mieleka. Alimwambia watu wazoee kwanza kumwona kambeba mtoto, wampende yule mtoto, halafu Jumamosi moja atatangaza pale pale ulingoni kwamba ni wake.

"Kila Jumamosi nikawa nadhani ndiyo leo," akasema. "Akimnyanyua juu nasubiri aseme. Anasema ni mtoto wa Tengeru."

Hapo ndipo akili iliponirudi. Ezra alikuwa anawafundisha watu wote wanijue mimi kama baba, ili siku dada akifungua mdomo asipate wa kumwamini. Na mimi nilimsaidia kwa maiki, tena kwa madoido.

Nilikuwa namwona Bibi Tekla mshamba. Kwenye ulingo ule mshamba alikuwa mmoja, amevaa suti ya kumeremeta.

Mzee Philemoni alinyoosha mikono. Agnela akasita, kisha akampa mtoto. Mzee akamkalisha pajani, akamtazama muda mrefu.

"Katibu," akasema, "yale tuliyoandika, usifute hata neno."

Baada ya hapo ningenyamaza, ningekuwa na akili. Lakini mimi nilijiona nimeshinda.

"Kwa hiyo baba mchungaji," nikasema, "tangazo la tatu Jumapili hii?"

Mchungaji akamtazama Ndeshi.

Ndeshi alisimama. Hakupaza sauti, na alikuwa anaongea na mimi tu.

"Eli, wiki nane huyu dada amelia mbele yako. Hukuwahi kumuuliza analia nini?"

"Nilidhani anaigiza."

"Bibi Tekla alimuuliza."

"Ndeshi, mimi si nimeonekana sina kosa?"

"Nilipokuuliza kuhusu mtoto uliniambia watu wana maneno. Mtoto wa mtu ulisema auzwe mnadani, ukafurahi watu walivyokasirika. Sasa mimi siku nikilia ndani ya nyumba yako, utadhani nafanya nini?"

Nilifungua mdomo. Mimi, Bilionea, niliyekuwa natukana soko zima bila kuandika popote. Hakikutoka kitu.

Mama yake akamshika mkono wakatoka. Tangazo la tatu halijasomwa mpaka leo.

Ezra alitubu kwa kusukumwa, akatoka kwaya, akahama. Nasikia yuko na Romanus upande wa Babati, bado na gambuti na jembe, bado anagawa maparachichi. Watu wanampigia vigelegele. Romanus alinipigia nirudi, tena akataka tuiweke ile kesi ya ofisini ulingoni, eti ni stori kali kuliko zote. Nilimkatia simu.

Mtoto anakua kwa Mzee Philemoni. Agnela amefunguliwa kibanda cha mitumba Tengeru, jirani na meza ya Bibi Tekla.

Nakuandikia haya kwa sababu najua mko wengi. Mnaopita mitandaoni mkiona mtu analia mnaandika "kiki hiyo", mnaongeza vikatuni vya kucheka, mnajiona wajanja wa mji. Mimi nilikuwa bingwa wenu.

Kujua kwamba jambo ni maigizo hakukupi ruhusa ya kutomjali aliyemo ndani yake. Muulize kwanza kama amekula.

Mimi sikuuliza, na Ndeshi ameolewa Usa River mwezi uliopita.